Goti la Kapteni

Alikuwa mtu wa viti viwili. Ukimkaribisha nyumbani ulimpa kiti cha kukalia na kingine cha kuwekea mguu wa kulia, na hakuna aliyeona ajabu. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, upande wa njia ya katikati, mguu umenyooka mbele ya waumini waliokuwa wakienda kutoa sadaka. Walijua kuuruka. Wengine walipopiga magoti yeye alibaki ameketi, na mchungaji wetu aliwahi kusema mbele ya watu wote kwamba Mungu anayajua magoti ya waja wake, mazima na mabovu. Watu wakacheka. Kapteni naye alicheka, kisha akainamisha kichwa zaidi.

Mji mzima wa Voi ulimwita Kapteni, hata wauza mboga ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani. Mkewe, Mama Wakesho, alimwita hivyo hivyo. Wakesho mwenyewe, binti yao, alipoanza shule na kuulizwa jina la baba, alijibu "Kapteni" bila kusita, na mwalimu mwenzangu akalazimika kumtuma nyumbani akaulize tena. Mimi nilikuwa jirani yao katika mtaa wa Mwakingali, dirisha langu likitazama mlango wao, na baada ya saa za shule nilikuwa katibu wa timu ya mji. Kwa hiyo nilimjua pande zote mbili: akiwa na viatu vya mpira na akiwa na kandambili.

Hao walikuwa watu wawili tofauti. Kapteni wa kandambili alizungumza kwa sauti ndogo mpaka ulazimike kumsogelea. Akisoma somo kanisani, akina mama wa viti vya nyuma walilalamika kwamba hawajasikia hata jina la kitabu. Dukani alinyoosha kidole badala ya kutaja anachotaka. Lakini akivuka mstari wa chokaa, sauti ilimtoka kifuani kama ya mtu mwingine. Alicheza beki wa kati, na kutoka kule nyuma aliwaongoza wenzake mchezo mzima. Una mtu mgongoni. Geuka, una muda. Mwache, mwache apige. Akikasirika alihamia Kidawida, lugha ya kwao, ili refa asielewe, mpaka siku moja tukapangiwa refa kutoka Wundanyi, ambaye alimsikiliza kipindi kizima kwa utulivu, kisha akamjibu kwa Kidawida safi na kumwonyesha kadi ya njano. Kisa hicho alipenda kukisimulia yeye mwenyewe, kwa ile sauti yake ndogo, na kila mara alicheka mahali pale pale.

Ukapteni aliupata akiwa kijana, katika timu yetu hii hii ya vumbi jekundu, kabla timu kubwa hazijamwona. Kisha akachukuliwa Mombasa, baadaye Nairobi, na wakati fulani akavuka mpaka akacheza upande wa Tanzania. Familia ilibaki Voi. Yeye alirudi nyumbani kila goti lilipoharibika, akakaa miezi kwenye viti vyake viwili, akapona nusu, akaenda tena. Watu wa mtaa walipima miaka kwa namna hiyo. Mtu alikuwa akisema, mvua hiyo ilinyesha mwaka ule Kapteni alipasuliwa mara ya pili, na wote tukajua ni mwaka gani. Makovu yalilala juu ya goti, moja baada ya jingine, kama mataruma ya reli.

Alikuwa na msemo mmoja ambao vijana wote waliupata kwake: mpira haukimbizwi, unasubiriwa. Timu ngeni zilipofika na gari lao, yeye alisimama karibu na lango la uwanja kana kwamba anangoja mtu, akiwatazama wakishuka. Baadaye alituambia straika wao anaamini mguu gani, kwa sababu ndio alioutanguliza ardhini aliposhuka. Mara nyingi alikuwa sawa. Mara nyingine alikosea kabisa, tukafungwa, na yeye akasema kwamba mtu yule alishuka vibaya.

Lakini huyo mtu wa kusubiri hakuweza kulisubiri goti lake mwenyewe. Hilo sikulielewa hata siku moja. Kijana akificha maumivu, Kapteni alimtoa mazoezini kwa hasira. Namkumbuka kijana mmoja mwendesha bodaboda aliyecheza na kidole cha mguu kilichovunjika. Kapteni alimvua kiatu mwenyewe, akakitazama kile kidole, akamwambia kwamba mwongo wa mwili wake atakuwa mwongo wa kila kitu. Jioni ile ile nilimwona Kapteni kupitia dirisha langu akipanda vidato vya mlango wake kwa makalio, kimoja kimoja, akirudi nyuma, mikono ikimsukuma. Aliponiona aliinua mkono akanisalimia kana kwamba hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuingia ndani.

Tena hakutazama mpira kwenye televisheni. Wenzake walibanana kwenye vibanda vya kutazamia mechi za Ulaya, yeye alikaa nje akinywa chai ya tangawizi. Nilipomuuliza sababu, alisema akitazama, miguu haimpi usingizi. Mama Wakesho alisikia akaongeza kwamba ni kweli, anapiga ukuta mateke akiwa amelala, na ule mguu mbaya ndio unaopiga zaidi.

Mara ya mwisho alirudi kutoka Nairobi bila mkoba wa timu. Hatukuuliza. Siku kadhaa baadaye alinieleza mwenyewe kwamba mkataba umekwisha na hawakuutaka tena, na kwamba walimwambia kwa simu wakati anakunywa chai. Hakulalamika. Alisema tu kwamba timu zote zilizowahi kumwacha zilimwacha kwa simu, hata ile iliyokuwa na ofisi ng'ambo ya barabara kutoka chumba alichopanga. Umri wake kwa mchezaji ulikuwa umeshapita. Alianza kuja tena mazoezini kwetu, kwanza kutazama, halafu kuokota mawe na miiba uwanjani kabla wengine hawajafika, halafu siku moja nikamkuta ameshavaa viatu.

Hapo ndipo likazuka lile swali lililoigawanya kamati. Timu yetu ilikuwa na matumaini ya kupanda daraja. Msimu uliopita tulipoteza mechi kadhaa tukiwa tumeongoza, kila mara dakika za mwisho, vijana wakichanganyikiwa kama kuku walioona kipanga. Kocha wetu, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi aliyeletwa Voi na kazi ya reli, alimtaka Kapteni kwa moyo wote. Alisema vijana wetu wana miguu lakini hawana macho, na macho ya Kapteni yanatosha timu nzima. Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakutaka. Alisema ukinunua gari kuukuu, umenunua na gereji yake. Alisema pia kwamba nafasi ile ni ya kijana mwenye miaka kumi mbele yake, na kwamba mtu asiyeweza kupiga magoti kanisani hawezi kuruka kona. Watu walicheka, lakini hakuna aliyeweza kumpinga.

Siku chache kabla ya mkutano, Mama Wakesho alikuja kwangu. Alikuwa fundi wa sare za shule, na alikuja na mkanda wa kupimia bado uko shingoni, kama mtu aliyeamua ghafla. Mke wangu alimpa chai, hakuinywa. Alisema hakuja kulia wala kumsema mumewe vibaya. Daktari aliwaambia wote wawili kwamba goti likiumia tena halitakuwa goti la kutembelea. Kapteni aliitikia vizuri pale hospitalini, na walipofika nje akamuuliza mkewe kama viatu vyake vimekauka.

"Mwalimu," akaniambia, "nyinyi mnamwona Jumamosi. Jumapili asubuhi ni mimi ninayemvalisha soksi."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Mkataeni. Atanuna, na mimi ndiye nitakayekaa na huo ununaji. Lakini nitakaa na mtu anayetembea."

Aliniomba nisimwambie Kapteni kwamba alikuja. Sijamwambia mpaka leo.

Mkutano ulifanyika kwenye stoo ya mwenyekiti, baada ya duka kufungwa, sisi tumekaa juu ya mifuko ya saruji. Tulikuwa bado tunabishana mlango ulipobishwa akaingia Kapteni. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mtu akasimama haraka kumletea viti, kimoja cha kukalia na kingine cha mguu, kwa mazoea tu. Kapteni alikisukuma kile cha pili kando, taratibu, akakaa kama tunavyokaa sisi wengine, goti limekunjwa. Nilimwona jasho likimtoka juu ya mdomo.

Hakuongea sana. Alisema anajua tunamzungumzia, na kwamba si vibaya, kila mtu huzungumziwa. Alisema hataki malipo, anataka jezi. Akasema anajua goti lake kuliko sisi, na hatatudanganya kwamba ni zima.

"Mimi nimeachwa mara nyingi," alisema, "na kila mara nimeambiwa kwa simu. Nyinyi ni watu wa kwetu. Kama ni hapana, niambieni usoni. Nitawashukuru na nitaendelea kuokota mawe."

Kisha akatutazama mmoja mmoja, kwa yale macho aliyokuwa akitazamia mastraika wakishuka garini. Kocha alitazama mikono yake. Mwenyekiti, aliyekuwa amezungumza kwa kirefu kabla ya mlango kufunguliwa, alianza kukagua mabati yaliyosimama ukutani. Huko nje malori yalipita barabara kuu.

Nikasema mimi. Nilimwambia, "Kapteni, mimi nasema hapana." Nilimwambia kwamba timu itamaliza msimu na msimu mwingine utakuja, lakini mguu wake una kazi nyingine baada ya mpira, ya kwenda shambani, ya kwenda harusini kwa Wakesho, na kwamba sitaki timu yetu iwe ndiyo iliyoumaliza. Sikumtaja mkewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Asante, Mwalimu," akasema, na nilijua kwamba ameshukuru kweli. Kisha akawageukia wengine, na wengine hawakuweza. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine anayepinga, na hata yeye mwenyewe hakuinua mkono. Ndivyo tulivyomsajili Kapteni. Hoja zote zilikuwa upande mmoja na mtu mwenyewe upande wa pili, na mtu akashinda.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ya kwanza nilijua mwisho wake. La. Nilikuwa mtu wa kwanza kufurahi kwamba nimekosea. Alicheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwenye uwanja wetu. Hakukimbia. Vijana walikimbia, na mpira ulipovuka vichwa vyao ulimkuta yeye amesimama mahali unapoangukia, kana kwamba waliahidiana. Aliugusa mara moja, ukaenda kwa mwenzake, naye akainua mkono kumwonyesha mahali pa kuupeleka. Zile dakika za mwisho zilizokuwa zikitutia homa zikawa dakika za utulivu. Wazee wa reli waliokuwa wameacha kuja uwanjani miaka mingi walirudi. Kocha alitembea mjini kama baba aliyeoza binti.

Mama Wakesho alianza kuja pia. Aliweka kigoda chake nyuma ya goli, akaupa uwanja ubavu, akashona mapindo ya sketi za shule kwa mkono. Hakutazama mpira. Alisikiliza watu. Watu walipopiga kelele aliendelea kushona. Waliponyamaza ndipo aliinua kichwa.

Mchana mmoja wa mazoezi, tembo walitoka upande wa mbuga wakapita nyuma ya goli la mbali, jambo ambalo kwetu si geni. Sote tulitimua mbio hadi kwenye ukuta wa shule. Kapteni alibaki nyuma, akitembea polepole, mikono mfukoni, tembo wakimtazama. Alipotufikia aliwaambia vijana kwamba ndovu humfukuza anayekimbia, na wakamwona shujaa. Kisa hicho kilisimuliwa stejini kwa waendesha bodaboda na sokoni kwa wiki nzima. Mimi nilikuwa karibu naye alipoegemea ukuta. Suruali ilikuwa imembana pale gotini kwa jinsi lilivyovimba. Hakuwa amekataa kukimbia. Alikuwa hawezi. Aliona kwamba nimeona, akanishika bega, akasema kwa ile sauti ndogo, "Mechi zimebaki chache, Mwalimu." La kusema nilikwisha kulisema mbele ya watu, na halikusikika.

Yote yaliishia Miasenyi, tulikocheza ugenini. Uwanja wa kule uko karibu na barabara kuu, mpira ukipaa unaangukia kwenye lami na madereva wa malori wanapiga honi mpaka uokotwe. Tulikuwa tunaongoza. Hakuguswa na mtu. Hilo nataka lijulikane, kwa sababu baadaye watu waliwasema vibaya vijana wa Miasenyi bila haki. Mpira ulipita juu yake, akageuka kuutazama, mwili ukageuka na goti likabaki. Alianguka bila kelele. Mpira ukaendelea kuchezwa, refa hakuwa ameona, na straika wao akawa anamjia kijana wetu kwa nyuma. Kapteni akiwa amelala kifudifudi, shavu kwenye vumbi, aliinua kichwa akapiga kelele:

"Una mtu mgongoni!"

Kijana akageuka, akautoa mpira nje. Ndipo Kapteni akaweka kichwa chini.

Tulimbeba kwa mlango wa kibanda cha mahindi ya kuchoma uliong'olewa bawaba, maana machela hatukuwa nayo. Njiani kurudi Voi alilala kiti cha nyuma cha gari, kichwa kwenye mapaja ya kocha, na kocha alilia waziwazi. Kapteni ndiye aliyembembeleza. Alimwambia, kazi uliyoniitia nimeifanya, na uliponiita nilikuja mwenyewe.

Siku hiyo Mama Wakesho hakuwa amekuja. Nilipelekwa mimi kumwambia. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha ushonaji karibu na soko, mguu uko kwenye pedali. Aliniona nimesimama mlangoni, akaacha kukanyaga. Gurudumu liliendelea kidogo, likasimama.

"Ni lile lile?" akauliza.

"Ni lile lile."

"Haya," akasema. Akakunja kitambaa, pindo kwa pindo, akakiweka ndani ya kabati, akafunga cherehani na kifuniko chake. Kisha akaniomba nimshikie mkoba.

Timu ilipanda daraja. Vijana waliomaliza zile mechi za mwisho walizimaliza kwa utulivu aliowafundisha yeye. Sherehe ilifanyika, mbuzi akachinjwa, mwenyekiti akatoa hotuba ndefu akamsifu Kapteni kuwa nguzo ya ushindi wetu, na baadaye, akiwa ameshika soda, akamnong'oneza mtu kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Sauti ya spika ilifika hadi Mwakingali. Nyumbani kwa Kapteni mlango ulikuwa umefungwa na pazia limeshushwa. Nilimpelekea nyama. Alinishukuru, akaniuliza nani alicheza nafasi yake mechi ya mwisho, na kama kijana anasimama mbele mno. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Akatikisa kichwa. Aliuliza pia habari za kocha, kwa nini haji. Nilisema ana zamu nyingi. Kocha hakuwa na zamu. Alishindwa tu kuuona ule mguu, na mwaka haukuisha kabla hajaomba uhamisho akaondoka Voi.

Goti likapasuliwa tena, na safari hii madaktari hawakuahidi kitu. Njia ya kwenda kwao Mwakingali ilikuwa ya mawe na mteremko, na kazi ya ulinzi aliyopewa kwenye ghala moja ilimtaka asimame. Akaimudu wiki chache. Hatimaye wakaamua kurudi kwenye ardhi ya kwao, Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Siku ya kuhama alikaa mbele na dereva, mguu umenyooka mpaka kwenye gia, akanipungia mkono. Nyumba ile ikapangwa na watu wengine. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiamka na kutazama ule mlango kabla sijakumbuka.

Nilikwenda kumwona likizo iliyopita. Nilishuka Maungu, nikachukua pikipiki hadi Rukanga. Kasigau ulikuwa umevaa wingu kichwani, na chini mashamba yalikuwa makavu, pojo zimeshavunwa. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha nyumba, upande wa ukuta, akipura maganda ya pojo kwenye ungo. Alikuwa amenenepa uso na kukonda kiwiliwili. Mama Wakesho alikuwa barazani na cherehani yake ile ile. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za mke wangu, akaenda kuteleka chai. Wakesho yuko chuoni, walisema, anajitahidi.

Tulizungumza mambo mengi madogo. Alitaka kujua nani yupo na nani hayupo. Niliogopa kumwambia kwamba timu imeshuka daraja tena, lakini alikuwa anajua. Alisema wanasimama mbele mno. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimelibeba jambo hilo kwa miaka, nikamwambia kuhusu siku ile ya stoo. Nilimwambia kwamba nimefikiri sana, na kwamba kwa vile nilimwona akicheza zile mechi, kama ningerudishwa siku ile nisingekataa tena. Ningenyamaza kama wengine. Nilidhani nampa kitu cha kumfariji.

Aliacha kupura. Ndani chai ilianza kuchemka.

"Mimi ningekusikiza, Mwalimu," akasema.

Akaniambia kwamba tembo hushuka wakati wa mavuno, na majirani wote hutoka na madebe kuwafukuza. Mama Wakesho hutoka nao, na yeye hubaki mlangoni ameshika tochi, akimmulikia mkewe njia ya kukimbia. Alisema hajawahi kumwambia mtu jinsi inavyokuwa kusimama pale.

"Nilijua hakuna atakayeweza kuniambia usoni," akaendelea. "Ndiyo maana nilikuja mwenyewe. Nilijua mtaona aibu. Ila wewe uliweza, na mimi nikakupita nikawatazama wengine."

Mama Wakesho alileta chai na viazi vitamu, tukala, tukazungumza habari za mvua. Sina uhakika kama alikuwa amesikia. Jua lilipoanza kushuka nikaaga, maana pikipiki za kurudi Maungu huwa chache jioni.

Kapteni alisema lazima anisindikize. Nilimkatalia. Akasema mgeni haachwi mlangoni kwao kama muuzaji. Alichukua fimbo, mkewe akamshika chini ya kwapa, akasimama kwa awamu, akapumua. Tukaenda watatu, polepole, ukapita muda wa kutosha kufika barabarani na kurudi, na tulikuwa bado tumo ndani ya boma. Penye ua wa minyaa alisimama, akaushika mti mmoja.

"Mimi naishia hapa," akasema.

Nikamwambia inatosha, hata imezidi. Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa na nguvu kama zamani. Akamwambia mkewe anifikishe barabarani.

Mama Wakesho alitembea nami hatua chache tu nje ya boma. Nilianza kumuuliza kama wanahitaji kitu, lakini niliona kwamba hanisikilizi, anageuza shingo kila mara. Akasimama.

"Utanisamehe, Mwalimu, nirudi," akasema. "Hawezi kuketi peke yake."

Akainua leso yake juu ya vifundo vya miguu, akakimbia.